Kifua cha Kuazima

Jumamosi hiyo Norina Gavazzi alivaa sweta yake ya kijani, ile ambayo Elvio aliwahi kuitazama mara mbili darasani. Hakuivaa kwa ajili ya kazi. Kazi ilikuwa kwenda kumhoji mzee Celso Bardelli, baba yake Elvio, kuhusu mji wao ulivyokuwa zamani za vumbi la mawe, na kwa kazi hiyo hata gunia lingetosha. Aliivaa kwa sababu yeye na Elvio walikuwa wamekubaliana jambo. Kesho yake, baada ya kanisa, Elvio angekwenda kwa mama yake Norina kumwomba binti yake.

"Atanifukuza," Elvio alisema walipokuwa wakipanda kilima. Yeye alibeba mashine ya kurekodi, Norina alibeba daftari.

"Atakufukuza. Halafu utarudi."

"Na akinirushia sufuria?"

"Iokote uirudishe ndani. Mama anapenda watu wanaookota vitu."

Elvio alicheka, lakini mkono wake uliopaswa kumshika Norina ulibaki kwenye mpini wa mashine. Kwenye barabara ile kila dirisha lilikuwa na shangazi wa mtu.

Mama Ersilia hakuwa na maneno mengi juu ya ndoa ya bintiye. Alikuwa na moja tu: sitaki mtu wa mawe. Mume wake, Attilio, alikuwa mchongaji katika mabanda ya mawe ya itale, fundi wa maua na malaika juu ya makaburi ya watu wa mbali. Alikufa kifua kimejaa vumbi la mawe, Norina akiwa na miaka mitatu. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na minane. Elvio alisoma chuo kimoja na Norina, wote wakijifunza ualimu, lakini kila kiangazi alivaa aproni akaingia bandani kubeba mawe, na baba yake alikuwa mhunzi wa mabanda maisha yake yote. Kwa Ersilia hilo lilitosha. Ila Norina alikuwa ameona kitu kingine. Vijana wengine wa mawe mama yake aliwakataa kwa mdomo. Jina la Bardelli likitajwa, aliondoka chumbani.

Mwalimu wao wa historia aliwagawa wanafunzi wawili wawili, wakusanye maneno ya wazee kabla wazee hawajaisha. Norina na Elvio walikuwa wameshawahoji watu saba. Mzee Celso alikuwa wa nane, na ni yeye mwenyewe aliyeomba.

Jikoni kwake kulikuwa na joto. Juu ya ubao palikuwa na ugali wa njano uliokwisha kukatwa kwa uzi, na jibini pembeni.

"Kaa karibu na jiko, binti," mzee alisema. "Huyu mwanangu hajui kuwasha moto. Anajua kuuzungumzia tu."

"Nimejifunza kwako, Baba."

"Kwangu ulijifunza kula."

Elvio alipiga goti kando ya meza, akawasha mashine, akanyoosha kipaza sauti. Kutoka pale chini alimtazama Norina, na Norina akayapoteza maswali yake kwa muda. Alikuwa ameyaandika kumi na tisa kwa penseli. Alianza na rahisi: mzee alifika lini kutoka Italia, nani alimpokea, chakula kilikuwaje, nani alipiga kodiani kwenye harusi. Celso alijibu vizuri, akiweka mzaha hapa na pale. Walifika swali la kumi na moja.

"Mzee, tuambie kuhusu lile gari la picha za kifua."

Celso alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Norina.

"Mashine inazunguka?"

"Inazunguka."

"Isizimwe mpaka nimalize. Elvio, umesikia?"

Aliweka mikono yake miwili mezani, mikono mikubwa yenye alama za moto.

"Gari lilikuja kila mwezi wa Aprili, likasimama nje ya mabanda. Tunapanga mstari. Unaingia, unavua shati, unabana pumzi, unatoka. Mwenye madoa kifuani alitolewa bandani, aende akatafute kazi ya hewa safi. Wengi hawakuwa na kazi nyingine mikononi. Sasa yule mpiga picha hakuwa mtu wa hapa. Sura zetu hakuzijua. Alijua jina unalomtajia, basi."

"Na wewe picha yako ilikuwaje?"

"Safi. Mimi nilinoa patasi za wachongaji. Kibanda changu kilikuwa pembeni, mlango wazi, vumbi halikunikuta. Watu walijua, wakaanza kunitania. Celso, tuazime kifua. Celso, unakodisha kwa siku? Ilikuwa mzaha. Mwaka wa arobaini na saba haikuwa mzaha tena. Asubuhi niliingia kama Celso Bardelli. Saa nane mchana nikaingia tena, nimevaa koti la mwenzangu na kofia yake ya kahawia, nikataja jina lake."

"Jina la nani?" Norina aliuliza, penseli tayari. Aliuliza kama alivyouliza mengine yote.

"Attilio Gavazzi."

Moto ulilia jikoni. Kipaza sauti kilishuka taratibu mpaka kikagusa meza.

"Kinyanyue," Celso alimwambia mwanawe.

"Baba, acha."

"Kinyanyue."

Elvio alikinyanyua. Norina aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Mara ngapi?"

"Tatu. Miaka mitatu, mara tatu. Mwaka wa tatu nilikataa. Nilikuwa nimemsikia anavyokohoa, kile kikohozi kikavu kama mtu anasugua matofali. Nikasema hapana. Halafu nikakubali."

"Kwa nini ulikubali?"

Mzee alipangusa makombo ya ugali mezani. "Sikumbuki."

"Unakumbuka rangi ya kofia, umesahau kwa nini ulikubali?"

"Hilo sikumbuki, binti. Andika hivyo." Alivuta pumzi, na kifua chake kikubwa kikapanda na kushuka bila kelele yoyote. "Angetolewa mwaka ule wa kwanza, labda angeishi. Daktari wa hospitali ya kilimani aliniambia baadaye, mimi nikimuuliza kama vile namuulizia mtu mwingine. Nimesema leo kwa sababu mwanangu anataka kukuoa. Sikuweza kukaa kimya mjenge nyumba juu ya shimo la kisima, mimi nikijua kisima kipo."

Norina alifunga daftari. Alisema asante, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kumaliza mahojiano, akatoka nje bila koti.

*

Elvio alimkuta kwenye rundo la kuni, theluji ya kwanza ikiyeyuka juu ya nywele zake. Alimpa koti. Norina alilipokea lakini hakulivaa.

"Sikujua," Elvio alisema.

"Najua hukujua."

"Basi sema kitu."

"Niseme nini? Kila mwezi wa Novemba mimi na Mama tunakwenda makaburini, na baba yako huwa pale, kofia mkononi, anatusalimia. Mama hupita kama hajamwona. Nilikuwa nikimwonea huruma baba yako, Elvio. Nilidhani Mama hana adabu."

"Alimsaidia rafiki yake. Alidhani anamsaidia."

"Usimtetee."

"Simtetei. Unafikiri leo nitakula naye meza moja?" Alimsogelea, akanyoosha mkono. "Norina."

"Usinishike. Ukinishika sasa hivi, nitauona ni mkono wake."

Alijuta kabla maneno hayajafika. Elvio aliurudisha mkono mfukoni, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokigusa dukani. Chini ya kilima msumeno wa mawe ulikuwa ukilia, ule mlio ambao watu wa mji ule hawausikii tena mpaka unyamaze.

Kisha Elvio alirudi ndani, akatoka na mashine, kaseti ikiwa ndani yake.

"Chukua. Sauti ni ya baba yangu, lakini kifo ni cha baba yako. Ipeleke chuoni, ichome, shauri yako."

"Na wewe?"

"Binamu yangu Ohio amekuwa akiniita tangu mwaka jana. Nitapanda basi Jumatatu."

"Na masomo?"

"Nitafundisha watoto historia gani mimi?"

Alimtazama, na macho yake yalikuwa yakiomba. Norina alijua yanaomba nini. Alitaka kusema usiende. Neno lilipanda mpaka kooni, likamkuta baba yake amelala pale, mtu ambaye hakumjua ila kwa picha moja ya harusi.

"Ni bora," alisema.

Aliteremka kilima peke yake, mashine mkono mmoja, koti mkono wa pili.

*

Jumapili kanisani Elvio alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee Celso alikaa benchi lao la siku zote, peke yake, na nafasi iliyo wazi ubavuni mwake ilionekana kutoka kila pembe. Norina hakuomba sala hata moja.

Nyumbani mama yake alivua kofia, akafunga aproni, akaanza kukata kabichi.

"Leo ulikuwa na mgeni wa kuniletea," Ersilia alisema bila kugeuka.

Norina alishtuka.

"Usinitazame hivyo. Wiki nzima umefagia hata nyuma ya kabati. Hakuna msichana anayefagia nyuma ya kabati kwa ajili ya mama yake."

"Haji, Mama."

"Mungu ni mwema."

"Anahama. Kesho."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. "Vijana huhama."

"Mama, nataka usikilize kitu. Kisha unifukuze ukitaka."

Aliweka mashine mezani, katikati ya majani ya kabichi, akabonyeza. Sauti ya Celso ilijaza jiko. Ersilia aliendelea kukata. Alikata wakati wa gari la Aprili, alikata wakati wa koti na kofia ya kahawia, alikata hata jina la mumewe lilipotajwa, vipande vyembamba, sawasawa. Norina aliutazama mgongo ule akasubiri kilio. Kilio hakikuja. *Mwaka wa tatu nilikataa*, sauti ilisema, na hapo kisu kikalala ubaoni.

*Kwa nini ulikubali?*

*Sikumbuki.*

Kaseti ilipofika mwisho, Ersilia alisema, "Rudisha."

"Wapi?"

"Hapo aliposema hakumbuki."

Norina alirudisha. Mama yake alisikiliza, macho amefumba.

"Mjinga," alisema polepole. Haikuwa sauti ya hasira. "Miaka yote hii. Mjinga yule."

"Mama?"

"Kaa chini."

Norina alikaa. Ersilia alibaki amesimama, vidole ameviegemeza ukingoni mwa meza.

"Baba yako alitaka kuacha. Mwaka ule wa kwanza, kabla gari halijaja. Kaka yake alikuwa na ng'ombe kule kaskazini, akamwandikia, njoo tufuge pamoja. Attilio alifurahi kama mtoto. Mimi nikakataa. Nilikuwa mke wa mchongaji, Norina. Unajua maana yake katika mji huu? Nikipita, watu walisema huyo ni mke wa yule aliyechonga malaika wa lango la makaburini. Nikakae na mashemeji, ninuke maziwa? Nikamwambia kikohozi ni cha baridi tu. Nikamwambia atafute njia. Akaona aibu kuomba. Nikaenda mimi."

"Kwa mzee Celso?"

"Kwa Celso. Nilipiga magoti jikoni kwake. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akikanda unga, akatoka nje kutuachia nafasi. Mwaka wa tatu Celso alikataa. Akaniambia, Ersilia, mumeo anakufa, mpeleke kwenye ng'ombe wake. Nikarudi kesho yake nikapiga magoti tena. Nikakaa chini pale mpaka akakubali." Alikisogeza kisu kando. "Hicho ndicho asichokikumbuka."

Miaka yote Norina alikuwa akidhani mama yake anatoka chumbani kwa ajili ya chuki.

"Ndiyo maana humtaki Elvio."

"Elvio sina ubaya naye. Simtaki yule atakayekuja naye. Nitamkaribisha Celso nyumbani kwangu? Nimkatie mkate, aniambie asante mkwe wangu, na wote wawili tunajua?" Alifuta mikono aproni ingawa haikuwa na maji. "Sasa umejua. Mtu wa tatu. Nakuomba iishie kwako. Kijana akienda Ohio, mambo yanakwenda naye. Utalia, nami nitakupikia, utanyamaza. Wanawake wote wa nyumba hii tumelia tukanyamaza."

"Leo kanisani hakukaa na baba yake."

"Niliona."

"Anaondoka akiamini baba yake alimwua rafiki kwa kutojali tu."

"Niliona, Norina. Nina macho."

Norina hakuwahi kumjibu mama yake. Tangu utotoni ilikuwa hivyo. Maneno yalimjia jioni, shughuli ikiwa imekwisha. Safari hii alisubiri, na yakamjia palepale, machache.

"Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza. Wewe ni mama yangu. Atapanda basi na sitasema. Ila usiniambie unafanya hivyo kwa ajili yangu."

Ersilia aliyatazama majani ya kabichi. Saa ya ukutani iligonga; ilikuwa saa saba mchana. Alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaitundika kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia.

"Kamwite," alisema.

*

Elvio alikuja hana kofia, macho mekundu kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Alisimama kwenye kizingiti. Hakujua kama ameitwa kutukanwa, na alionekana yuko tayari kutukanwa.

"Ingia, unaingiza baridi," Ersilia alisema. "Kaa. Si hapo. Hapo mbele yangu, nikuone. Mashine hii unajua kuiwasha?"

"Najua, mama."

"Iwashe. Baba yako amesema humo, na mimi nitasema humo. Sitaki watu waje kusikia nusu."

Akasema. Alisema yote, bila kulia na bila kujipunguzia, kuanzia barua ya ng'ombe mpaka sakafu ya jiko la Bardelli. Alitaja hata kwamba siku ile ya pili alivaa gauni lake bora, ili Celso asahau kwamba anamwomba uovu. Norina alimtazama Elvio. Uso wake ulibadilika mara nyingi, na ulipotulia haukuwa na furaha. Kuna mzigo ukiutua mabega yanauma zaidi.

"Jana usiku sikumjibu," Elvio alisema mwishowe. "Baba. Aliniita mara mbili mlangoni, sikumjibu."

"Utamjibu leo. Baba yako ana kosa lake, la kukubali. Hilo ni lake. Langu amelibeba vya kutosha, na sikumtuma."

"Nimwambie nini kutoka kwako, mama?"

"Mwambie asinisalimie tena makaburini. Kila Novemba ananivulia kofia kama vile mimi ni mjane wa kuonewa huruma. Nikizipita salamu zake, nalala vibaya mwezi mzima. Mwambie aache. Ni hayo tu."

Elvio alizima mashine. Alisimama, akamtazama Norina, akauweka mkono wake juu ya meza, wazi, hakuusogeza zaidi ya hapo. Norina aliutazama mkono ule. Ulikuwa na makovu ya mawe ya kiangazi, na kucha moja nyeusi. Akaweka wake juu yake, mbele ya mama yake, kwa mara ya kwanza.

"Kesho usipande basi," alisema.

"Sipandi."

Ersilia alikuwa ameshageukia jiko. "Basi oaneni," alisema. "Mapema, kabla watu hawajaanza kuhesabu miezi. Mimi msinisubiri kanisani."

"Mama, usiseme hivyo."

"Celso atakuwa benchi la mbele upande wake, na mimi la mbele upande wangu, na padri katikati anatuambia tushikane mikono ya amani. Siwezi. Hata kwake sitakuja kula. Mtoto ukimpata, utamleta hapa, wewe na mumeo, nami nitampakata. Lakini meza moja na Celso Bardelli, hapana, mpaka wanizike."

"Na mimi nitakuwa kwake. Nitakuwa binti wa nyumba ile. Krismasi, Pasaka, siku zote za watu kukaa pamoja. Utakuwa hapa peke yako."

"Najua."

"Mama, nikitoka na huyu nakuacha. Unalielewa hilo?"

Ersilia alichukua kisu, akavuta kabichi iliyobaki. Aliikata vipande viwili kabla ya kujibu.

"Nilimzuia mtu mmoja katika maisha yangu asiende alikotaka kwenda," alisema. "Wewe sikuzuii. Chukua koti, nje kuna baridi."

Norina alisubiri neno jingine. Alisubiri mpaka Elvio akainamisha macho, mpaka kabichi ikaisha ubaoni na mama yake akaanza kukusanya vipande kwa viganja. Alichukua koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akatoka na Elvio.